Mwongozo Kamili wa Kuchambua Shairi la Niyi Osundare, “Not My Business”, Bila Kuishia Kusimulia na Kuhubiri

Insha nyingi zinazoandikwa kuhusu shairi hili huanguka mahali pamoja. Mwandishi husimulia upya yaliyowapata Akanni, Danladi na Chinwe, watu watatu wanaochukuliwa au kufukuzwa kazi huku msemaji wa shairi akiendelea kula kiazi chake mpaka zamu yake inapofika, hutaja tashbihi (mfananisho) moja na tashihisi (kukipa kitu sifa za kiumbe hai) moja, huulaumu utawala wa Jenerali Sani Abacha wa Nigeria, kisha hufunga kwa methali na wito wa kuwatetea wanyonge. Anayesahihisha hubaki akijiuliza iwapo aliyeandika alilisoma shairi lenyewe, kwa sababu kila kilichomo kingeweza kuandikwa na mtu aliyesimuliwa kisa hicho ndani ya basi.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwalimu au kikundi cha usomaji kinacholisoma shairi kwa Kiingereza na kulijadili kwa Kiswahili. Unashikilia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: mtu wa kuchunguzwa humu ni yule anayesimulia kuliko wale waliochukuliwa, na anayetaka kumfikia hana budi kufuatilia anachokijua, jinsi alivyokijua, na mahali ambapo maneno yanamwishia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Pata nakala kamili ya shairi, kisha ihesabu. Inapaswa kuwa na beti nne na mishororo 26, yaani saba, saba, saba na mitano. Ukipata hesabu nyingine, nakala yako imekatwa au imepangwa upya na mtu mwingine, na hatua ya tano ya mwongozo huu haitafanya kazi.

Uwe na daftari, kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, na penseli mbili za rangi tofauti. Tafuta pia mtu wa pili atakayekusomea kwa sauti, hata kama hana habari yoyote ya fasihi. Tenga vipindi viwili vya saa moja moja, kwa siku tofauti ikiwezekana.

Muhtasari uliokwisha kuandaliwa, wa kitabuni au wa intaneti, uweke mbali mpaka umalize hatua ya tano. Nasema hivyo kwa sababu muhtasari humpa msomaji jibu kabla hajaliona swali, na shairi hili limejengwa juu ya swali.

## Hatua ya 1: Lisikilize mara tatu bila kuandika neno

Mwombe mwenzako alisome mara ya kwanza, lisome wewe mara ya pili, kisha alisome tena yeye. Usishike penseli.

Sababu ni ya kiufundi. Shairi hili limo katika diwani ya mwaka 1990 iliyokusanya mashairi ambayo Osundare aliyachapisha katika safu yake kwenye gazeti la Sunday Tribune. Yalikusudiwa mtu anayefungua gazeti siku ya Jumapili, na mtu huyo, akilisoma mwenyewe au akisomewa, alipaswa kulielewa shairi mara moja. Ndiyo maana maneno ni mepesi na kiitikio, yaani mishororo inayorudiwa mwishoni mwa ubeti, kinarudi. Anayekimbilia kamusi kabla ya kusikiliza huyaona maneno mepesi akadhani shairi nalo ni jepesi.

Angalizo kwa waliozoea mashairi ya arudhi: hapa hakuna vina wala mizani ya kuhesabu, kwa kuwa hili ni shairi huru. Usipoteze aya nzima ukilisikitikia shairi kwa kukosa kitu ambacho halikukusudia kuwa nacho.

Utajua umefaulu ikiwa, katika usomaji wa tatu, sikio lako linakingoja kiitikio mwishoni mwa ubeti wa nne na hakiji. Usiandike chochote kuhusu hilo kwa sasa.

## Hatua ya 2: Andika kila ubeti kwa sentensi moja ya Kiswahili

Hatua hii huonekana ya kitoto, lakini hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa hiyo nenda polepole. Andika sentensi nne tu, moja kwa kila ubeti, kwa maneno yako. Kisha zikague kwa kuzingatia mitego ifuatayo.

Kiazi. Neno “yam” ni kiazi kikuu. Si kiazi kitamu, ingawa baadhi ya Wamarekani hukiita hivyo kiazi kitamu, wala si gimbi, ambalo wengine hulijua kama nduma. Kusini mwa Nigeria kiazi kikuu ni chakula cha heshima chenye sherehe zake za mavuno mapya. Ukiandika kiazi kitamu, msomaji wako ataona kitafunio cha chai ya asubuhi. Ukiandika kiazi kikuu, ataanza kuiona riziki yenyewe, ambayo ndiyo inayolindwa katika kila kiitikio.

Mabuti. Katika ubeti wa pili mshairi analigeuza jina la kiatu kuwa kitenzi, na nyumba nzima inaamshwa kwa mabuti. Neno “askari” halimo popote katika shairi. Mabuti ndiyo yanayotuambia ni akina nani waliokuja, na insha nzuri hulitaja hilo badala ya kuandika “askari walikuja” kana kwamba shairi lilisema hivyo.

Barua ya kujieleza. Chinwe alifika kazini akakuta hana kazi, bila “query”, bila onyo, bila uchunguzi. Katika ofisi za Nigeria neno hilo lina maana mahususi: ni barua rasmi ambayo mwajiri humwandikia mtumishi akimtaka aeleze kosa lake. Kwetu ni barua ya kujieleza. Anayelitafsiri kama “swali” tu huupoteza utaratibu mzima wa kazi uliovunjwa, na utaratibu huo ndio unaolalamikiwa katika ubeti huo.

Kufukuzwa kazi. Kiingereza kinatumia neno lilelile kwa gunia na kwa kufukuzwa kazi, na mshairi anaongeza kwamba kufukuzwa huko kulikuwa nadhifu, malipo kwa mtu ambaye rekodi yake haikuwa na doa. Mchezo wa neno hilo haupiti katika Kiswahili. Hata hivyo Kiswahili kina faida yake hapa. Mkenya aliyepoteza kazi husemwa amemwaga unga, na Mtanzania ambaye riziki yake imeharibika husema kitumbua chake kimeingia mchanga. Lugha yetu tayari imeweka kazi na chakula katika sahani moja, jambo ambalo msemaji wa shairi hataki kulikubali: kwake kazi ya Chinwe ni habari moja, na kiazi kilichomo kinywani mwake ni habari nyingine.

Jinsia. Kiambishi cha nafsi ya tatu katika Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke. Shairi la Kiingereza linaonyesha kwamba Chinwe ni mwanamke, kwa hiyo liseme waziwazi. Kuhusu msemaji, shairi halionyeshi jinsia, na wewe usimpe. Mwite nafsineni au msemaji, na usimwite Osundare. Mshairi anayelalamikia ukimya hawi mtu yuleyule aliyenyamaza ndani ya shairi.

Swali. Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote. Tunao usemi wa haraka wa kuzielezea tabia za msemaji: “yangu macho”, “hayanihusu”, “mimi simo”. Yote yanafaa kama maelezo, na hakuna hata mmoja unaofaa kama tafsiri, kwa sababu yote ni kauli, ilhali kiitikio ni swali la balagha. Msemaji hasemi kwamba hayamhusu. Anauliza yanamhusu nini, mradi hawajamnyang'anya kiazi kinywani. Mtu aliyeuliza swali amefungua mlango wa kujibiwa, na ubeti wa nne ni jibu. Ukilitafsiri swali kama kauli, ubeti wa nne unageuka kuwa mkosi tu uliomkuta mtu jioni.

Utajua umefaulu ikiwa sentensi zako nne hazina maneno “serikali”, “askari” wala “dikteta”, na bado mwenzako akizisikia anaelewa nani anaogopwa.

## Hatua ya 3: Weka tarehe mahali pake kabla ya kumtaja mtawala yeyote

Hatua hii ni fupi, nayo inaokoa alama nyingi.

Diwani ilitoka mwaka 1990. Abacha alichukua madaraka Novemba 1993, na mwandishi Ken Saro-Wiwa alinyongwa tarehe 10 Novemba 1995. Shairi haliwezi kuwa liliandikwa kuhusu mambo ambayo yalikuwa hayajatokea. Unaweza kusema kwamba wasomaji wa miaka ya Abacha walikuwa na sababu ya kulisoma upya. Huo ni usomaji, na ni halali. Kusema kwamba Abacha ndiye chanzo chake ni kosa la kalenda, na limeenea kiasi kwamba nalikuta hata katika maelezo yaliyochapishwa kwa ajili ya wanafunzi.

Muktadha unaofaa ni wa muongo uliotangulia. Tarehe 31 Desemba 1983 jeshi liliipindua serikali ya kiraia na Meja Jenerali Muhammadu Buhari akawa mtawala. Agosti 1985 Ibrahim Babangida akampindua yeye. Amri Namba 2 ya mwaka 1984 iliruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, na Amri Namba 4 ya mwaka huohuo iliwabana waandishi wa habari. Watumishi wengi wa umma waliondolewa kazini katika kipindi hicho. Tarehe 19 Oktoba 1986, Dele Giwa, mhariri mkuu wa jarida la Newswatch, aliuawa nyumbani kwake Lagos kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi.

Angalizo: usiandike kwamba Danladi ni fulani au kwamba ubeti fulani unamhusu Giwa. Shairi halitaji mtawala, mji wala nchi. Muktadha upewe aya moja, nayo ifanye kazi moja: kuonyesha kwamba kuchukuliwa bila mashtaka na kufukuzwa bila barua yalikuwa mambo yenye karatasi na muhuri, si ndoto za mshairi.

Utajua umefaulu ikiwa aya yako ya muktadha haina tarehe yoyote inayozidi 1990.

## Hatua ya 4: Chora jedwali la nani, lini na kwa sauti gani

Chora safu tano katika daftari: jina, wakati, tendo, sauti, na anayetenda. Jaza beti zote nne. Usiruke hatua hii kwa kudhani unakumbuka, maana faida yake huonekana pale safu zinaposimama kando kwa kando.

Anza na majina. Akanni ni jina la Kiyoruba, Danladi ni la Kihausa, Chinwe ni la Kiigbo. Hayo ndiyo makabila matatu makubwa ya Nigeria, na mshairi ambaye angeweza kuchagua majina yoyote amechagua moja kutoka kila upande. Msomaji wa Nigeria anaelewa mara moja kwamba hakuna kabila lililosalimika. Usiandike kinyume chake, yaani kwamba watawala walikuwa wakiliwinda kabila fulani. Na baada ya majina matatu yenye asili inayotambulika anakuja msemaji asiye na jina kabisa, ambaye yeyote anaweza kuingia katika nafasi yake.

Nenda kwenye wakati. Akanni anachukuliwa asubuhi, Danladi usiku, Chinwe siku ya kazi isiyotajwa, msemaji jioni. Hakuna saa iliyobaki salama, na jioni, saa ya mlo, ndiyo iliyowekwa mwisho.

Sasa safu ya sauti, ambayo wengi hawaijazi. Ubeti wa kwanza una kipigo. Wa pili una mabuti yanayoiamsha nyumba. Wa tatu hauna sauti yoyote, kwa kuwa kazi inaondoka kimyakimya kwenye karatasi. Wa nne una bisho moja la mlango, kisha ukimya wa gari. Ukatili unapungua kelele kadiri unavyomkaribia msemaji. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kulisikia hilo, kwa kuwa mgeni wetu hupiga hodi na kungoja aambiwe karibu, na katika mlango huu hakuna anayesema hodi.

Mwisho jaza safu ya anayetenda. Katika ubeti wa kwanza na wa pili wapo “wao” waliomchukua huyu na kumburuta yule. Katika tukio la ubeti wa tatu hakuna “wao”. Chinwe amekuta tu kwamba kazi haipo. Katika ubeti wa nne hakuna mtu hata mmoja, lipo gari tu. Watendaji wanafifia ubeti baada ya ubeti mpaka kinabaki chombo chao. Hapa Kiswahili kinaweza kukudanganya, kwa sababu “wao” wetu hujificha ndani ya kiambishi, tukasema “walimchukua” bila hata kusikia kwamba tumemtaja mtu. Katika Kiingereza neno hilo linasimama peke yake mwanzoni mwa mshororo na haliwezi kukwepwa, kwa hiyo litajapo, liweke wazi: wao, wasiotajwa jina.

Angalia sasa kitu ambacho jedwali halikuuliza. Msemaji amejuaje yote haya? Anajua kwamba nyumba nzima ya Danladi iliamka. Anajua kwamba rekodi ya Chinwe haikuwa na doa, na anajua hata hatua za kiutumishi ambazo hazikufuatwa. Na katika mshororo wa mwisho kabisa anasema gari lilikuwa katika ukimya wake wa kawaida. Neno hilo dogo, “wa kawaida”, ndilo ninalolihesabu kuwa kitovu cha shairi. Mtu hawezi kujua kwamba ukimya fulani ni wa kawaida mpaka awe ameushuhudia mara kadhaa. Msemaji amekuwa akilitazama gari hilo muda wote, labda kutoka dirishani, labda kutoka kando ya njia. Hakuwa mjinga wa mambo; alikuwa shahidi. Insha inayosema kwamba “hakujali kwa kuwa hakujua” imelisoma shairi kinyume.

Utajua umefaulu ikiwa unaweza kutaja, kwa ushahidi wa maneno matatu ya shairi, mambo matatu ambayo msemaji aliyajua kabla ya kubishiwa mlango.

## Hatua ya 5: Kifuatilie kiazi na gari kwa rangi mbili

Chukua penseli ya kwanza na upige mstari chini ya kila kinachohusu kula: kiazi, kinywa, ladha, mkono wenye njaa. Chukua ya pili na upige mstari chini ya kila kinachohusu gari na kungoja.

Katika ubeti wa kwanza gari lina tumbo, na Akanni anasukumizwa ndani ya tumbo hilo baada ya kupigwa mpaka akalainika kama udongo wa mfinyanzi. Mishororo mitatu baadaye, msemaji anajitambulisha kwetu kwa kinywa kinachofurahia ladha. Wapo walaji wawili katika ubeti mmoja. Gari linakula mtu, mtu anakula kiazi, na yule wa pili ameamua kwamba milo hiyo miwili haihusiani.

Gari la ubeti wa kwanza linangoja, na gari la ubeti wa nne linangoja tena, kwa neno lilelile, ambalo sasa linarudiwa mara tatu katika mishororo miwili. Takriri hiyo haina kazi ya kupamba. Inakurudisha kwenye ubeti wa kwanza na kukuambia kwamba gari halijawahi kuondoka.

Kisha kihesabu kiitikio. Kimekuja mara tatu na katika ubeti wa nne hakipo, ndiyo maana ubeti huo ni mfupi kuliko beti nyingine. Fanya jaribio hili, halichukui dakika mbili: kiandike kwa mkono chini ya ubeti wa nne, kisha usome kwa sauti. Utasikia jinsi kinavyogeuka kichekesho. Mtu ambaye mkono wake umeganda njiani kuelekea mdomoni hawezi tena kuuliza yanamhusu nini. Kimya hicho kina uzito kuliko mshororo wowote uliochapishwa, na mtahini yeyote makini hukitafuta katika insha yako.

Kuna jambo la pembeni ambalo hupenda kulitaja ninapolisoma shairi hili na wengine. Sharti la msemaji lilikuwa kwamba wasimnyang'anye kiazi kinywani. Tukilichukua neno kwa neno, hawajakinyang'anya. Kiazi kiko sahani, kinywa ni chake. Wamekuja tu. Makubaliano aliyoyafanya peke yake, na watu ambao hawakuwahi kuyasikia, hayakuwa na kifungu cha mlango.

Na gari limesimama juu ya nyasi za mbele ya nyumba yake. Kuwa na nyasi za kutunzwa si hali ya kila mtu, na mimi nalichukulia neno hilo kuwa dokezo kwamba msemaji alikuwa na kitu cha kupoteza zaidi ya kiazi. Ukikubaliana nami liandike kama maoni yenye sababu. Usiliandike kama jambo lililothibitishwa.

Utajua umefaulu ikiwa rangi zako mbili zinakutana katika ubeti wa kwanza na wa nne, na hazikutani katikati.

## Hatua ya 6: Chagua mbinu tatu za lugha, si kumi

Orodha ndefu ya tamathali huonyesha kumbukumbu, haionyeshi usomaji. Zinazotosha ni tatu.

Chukua tashihisi ya gari lenye tumbo. Chukua tasfida (lugha ya kupunguza ukali) ya kutoweka kwa muda mrefu katika ubeti wa pili, ambapo msemaji anatumia lugha ya ofisini kukificha kile ambacho huenda ni kizuizi au kifo, na kwa kufanya hivyo anazungumza kwa ulimi wa waliomchukua Danladi. Chukua pia uhamisho wa sifa katika ubeti wa mwisho, ambapo nyasi ndizo zilizoduwaa na mkono ndio wenye njaa. Aliyeduwaa na mwenye njaa ni msemaji, lakini hofu imempita ikavimwagikia vitu vilivyomzunguka.

Linganisha aya hizi mbili. Ya kwanza ni ya aina ninayoiona mara kwa mara:

“Mshairi ametumia tashihisi. Gari limepewa tumbo. Hii inaonyesha ukatili wa serikali.”

Hakuna kosa ndani yake, na hakuna kitu ndani yake. Ya pili inafanya kazi:

“Gari linapewa tumbo katika ubeti uleule ambao msemaji anajitambulisha kwa kinywa chake. Kwa hiyo mishororo saba ina walaji wawili, mmoja akimmeza Akanni na mwingine akila kiazi kwa raha. Shairi linapoisha, mlaji wa kwanza amesimama nje ya nyumba ya wa pili, na wa pili ameacha kula.”

Utajua umefaulu ikiwa kila mbinu uliyoitaja inajibu swali la msemaji alijua nini au alificha nini.

## Hatua ya 7: Linganisha, ikiwa swali linadai

Maneno ya mchungaji wa Kijerumani Martin Niemöller, aliyefungwa na utawala wa Hitler kuanzia 1937 hadi 1945, hutajwa mara nyingi kando ya shairi hili. Yalitokana na hotuba alizozitoa baada ya vita, ndiyo maana yanapatikana kwa miundo tofauti. Kufanana ni dhahiri: wengine wanachukuliwa, msemaji hanyanyui sauti, mwisho zamu inamfikia.

Tofauti ndiyo yenye alama. Niemöller anazungumza akiwa amekwisha kutoka, anakiri, na anaeleza kwamba hakubaki mtu wa kumtetea. Msemaji wa Osundare hapati nafasi ya kukiri. Tunaachwa naye pale mlangoni, kabla hajafungua.

Kisha kuna methali. Karibu kila insha ya Kiswahili hufungwa kwa “mwenzako akinyolewa, wewe tia maji”. Ipime kabla ya kuitumia. Methali hiyo inamwambia mtu alowanishe kichwa chake mwenyewe kwa kuwa zamu yake inakuja. Haimwambii aende kuushika mkono wa kinyozi. Msemaji wetu angeweza kuikubali methali hiyo na bado akaendelea kula. Ukitaka kuitumia, itumie kwa kuonyesha pengo hilo, na hapo utakuwa umesema jambo.

## Hatua ya 8: Andika, kisha mpe mwenzako

Panga aya kwa mfuatano huu: msemaji na swali lake, ushahidi kwamba alijua, walaji wawili, watendaji wanaofifia na sauti inayopungua, kiitikio kinachokosekana. Aya ya muktadha iingie baada ya ile ya pili, kwa kuwa wakati huo msomaji anataka kujua mambo haya yalikuwa ya kawaida kwa kiasi gani. Usianze na maisha ya mshairi. Kwamba Osundare alizaliwa mwaka 1947 huko Ikere-Ekiti na kufundisha Chuo Kikuu cha Ibadan ni kweli, na nusu sentensi inatosha.

Ondoa kila sentensi inayoanza na “tunajifunza kwamba”. Ondoa pia sentensi yoyote ambayo ingebaki kuwa kweli hata kama shairi lingekuwa jingine kabisa kuhusu dhuluma.

Halafu mpe insha mtu yule aliyekusomea kwa sauti katika hatua ya kwanza. Asilitazame shairi. Muulize maswali mawili tu: msemaji alijua nini kabla ya kubishiwa mlango, na ni maneno gani ambayo hakuyasema jioni ile. Akijibu yote mawili kutokana na ulichoandika, insha iko tayari kukabidhiwa. Akisita katika la kwanza, rudi kwenye jedwali la hatua ya 4. Akisita katika la pili, rudi kwenye jaribio la hatua ya 5.